Namna ya kumlea nondo wa oleanda uani

Usianze kwa kumtafuta kiwavi, tafuta kinyesi chake. Mimi hapa Nkuhungu, Dodoma, kila asubuhi kabla ya kufagia huinama chini ya oleanda, kile kichaka cha maua kilichoko kando ya geti. Nikikuta vipande vyeusi mfano wa pilipili manga juu ya udongo mwekundu, najua mwenyewe yuko juu yangu. Ni wa kijani kama jani lenyewe, ana kipembe kifupi nyuma, na karibu na kichwa madoa mawili ya buluu. Ukimgusa anakunja kichwa na madoa yanakutumbulia kama macho. Usiogope, hang'ati wala hawashi.

Ndiye nondo wa oleanda, kwa jina la kisayansi Daphnis nerii. Wazungu humsifia sana, ila kwao ni mgeni: majira ya joto huvuka Mediterania kutoka Afrika, na baridi ya kaskazini huwamaliza. Sisi tunaye nyumbani, halafu tunampulizia dawa!

Kata tawi alilokalia, litie kwenye chupa ya maji na uzibe mdomo kwa kitambaa asije akazama. Mpe majani ya mmea uleule uliomkuta nao. Kama ulimtoa kwenye vinka, ule mmea mdogo wa maua, endelea na vinka. Oleanda ni sumu kali, kwa hiyo nawa kwa sabuni, na mabaki yafukie. Majani machache tu yanaua mbuzi, na mbuzi wa mtaani kwetu hawana mipaka.

Akigeuka rangi ya kahawia na kuacha kula, anataka kujificha ili awe pupa, yaani hatua ya kutulia kabla ya kuwa nondo. Mwaka wa kwanza sikulijua hilo. Nilimwacha kwenye boksi tupu, akazunguka usiku kucha. Asubuhi nikamkuta amesinyaa. Iliniuma sana. Siku hizi natumia ndoo: udongo laini kina cha kiganja, majani makavu juu, vijiti viwili vya nondo kupandia akitoka, na kipande cha chandarua mdomoni. Upepo wetu wa Agosti unakausha kila kitu, basi nanyunyiza maji kidogo kila baada ya siku mbili. Kidogo tu, udongo ukilowa pupa anaoza.

Pupa wangu hukaa hivyo wiki mbili na ushei. Nondo akitoka, mabawa yamejikunja kama khanga iliyokamuliwa. Mwache aning'inie kijitini mpaka yanyooke. Hapo ndipo utaona kijani cha kila aina, waridi na weupe, vimepindana kama marumaru. Giza likiingia, toa chandarua na uzime taa ya nje.