Kabla ya kuingia kwenye mikoko, uliza maji

Ukipanga kutembea kwenye mikoko ya Kunduchi au Mbweni, Dar es Salaam, waulize kwanza wavuvi maji yanakupwa saa ngapi. Njia ni tambarare, na hatari iko hapo hapo: maji yakianza kujaa hupitia vijito vya nyuma yako wakati mbele bado unaona pakavu. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, usichelewe kabisa. Ingia maji yakiwa bado yanatoka, geuka kabla hayajaanza kurudi. Vaa raba kuukuu, ukaze kamba. Kandambili zitabaki topeni, na mizizi ya mchu, aina ya mkoko, iliyochomoza kama penseli inachoma nyayo kwelikweli. Kesho yake saa ya maji kupwa huchelewa kwa kama dakika 50, kwa hiyo uliza tena.