SOMO: Tairi la bodaboda linalopungua upepo kidogo kidogo

Wakuu, kila wiki naulizwa: "Nimejaza upepo jana, leo tairi la nyuma limelala, fundi kaziba, limerudia." Naandika mara moja tu. Nazungumzia rimu za spoku zenye tyubu: Boxer, TVS na wenzake.

1. Anza na valvu. Toa kifuniko, paka mate mdomoni mwa valvu. Likija povu, kaza sindano ya ndani, kile kichuma chembamba kinachozuia upepo. Likiendelea, badilisha sindano. Wengi wenu mtaishia hapa.

2. Stendi kubwa, legeza breki na cheni, toa gurudumu.

3. Chora chaki kwenye tairi usawa wa valvu, na andika upande upi ni wa sproketi (gia inayovaa cheni). Usiruke hatua hii.

4. Maliza upepo wote, kanyaga kingo za tairi zishuke katikati ya rimu, ndipo uingize vyuma vya kutolea tairi. Bisibisi kaa nayo mbali.

5. Jaza tyubu, izamishe kwenye beseni kipande kwa kipande. Tundu dogo hutoa kipovu kimoja, linatulia, kisha kingine. Ukiwa na haraka hulioni.

6. Sasa SOMA TUNDU, usikimbilie kiraka. Hapa ndipo hela yangu iliwahi kuteketea. Tundu likiwa upande wa nje, kuna kitu ndani ya tairi. Laza tyubu juu ya tairi, valvu kwenye chaki, utajua pa kutafuta. Mara nyingi ni uzi wa chuma wa tairi la lori lililopasuka, mfupi kuliko punje ya mchele, hauonekani mpaka ukunje tairi. Usipapase kwa kidole, utachanika. Pitisha pamba, itanasa. Ukiuacha, kiraka kipya hakimalizi wiki. Tundu likiwa upande wa rimu, ni ncha ya spoku: piga tupa, funika kwa utepe wa mpira. Matundu mawili sambamba maana yake tyubu imebanwa, ama na vyuma vyako ama kwa kupakia mzigo bila upepo wa kutosha. Shina la valvu likichanika, nunua tyubu nyingine.

7. Kwangua tyubu kuzunguka tundu, paka solusheni (gundi ya kiraka) nyembamba, iache ikauke, bandika, gonga. Kiraka cha moto ni bora zaidi.

8. Tia tyubu upepo kidogo isijikunje, malizia kuvisha tairi upande wa valvu.

MASWALI

— Mkuu yangu inapungua upepo, tatizo nini?
Namba 1.

— Si nimwage tu dawa ya kuziba?
Mwaga. Waya utabaki humo ukichimba, na fundi wako atakusimulia habari za kiraka kukataa kushika kwenye tyubu yenye ute.

— Fundi wangu ana miaka mingi na hachori chaki.
Basi muulize yeye.

— Kaka, niko Makambako. Asubuhi geji inasoma chini, mchana inapanda yenyewe. Ni pancha?
Swali zuri. Hapana, ni baridi. Tairi la psi 30 (psi ni kipimo cha upepo) likipoa nyuzi 10 za Selsiasi hupoteza kama psi moja na nusu, likipata joto inarudi. Pima asubuhi kabla hujatembea, siku tatu mfululizo saa ileile. Ikishuka kila siku, hiyo ni pancha.

— Shina la valvu limelala upande. Nilinyooshe?
Usilivute, dada. Tairi limeteleza juu ya rimu kwa sababu ya upepo mdogo, likaburuta tyubu. Toa upepo, rudisha tairi mahali pake, jaza kipimo cha kwenye kitabu. Ukiliacha litachanika shinani.

— Nimetumia kipande cha tyubu kuukuu kufunika spoku, kinashika vizuri.
Sawa kabisa, ila kisiwe na mkunjo wala kisizibe tundu la valvu.

— Nimerudisha gurudumu, sasa cheni inalia.
Angalia mistari ya kipimo kwenye mkono wa nyuma (chuma kinachoshika ekseli ya gurudumu), kushoto na kulia ilingane. Kisha zungusha gurudumu taratibu ukitafuta mahali cheni inapokaza zaidi, na hapo ndipo upimie ulegevu.