"Hang in there" si ya barua ya kazi

Ukimwandikia rafiki anayeuguza au aliyebanwa na mitihani, "hang in there" ya Kiingereza inatosha: jikaze, yatapita. Kwenye barua ya kuomba kazi weka "persevere", yaani kuvumilia bila kukata tamaa, mkazo wa sauti ukiwa mwishoni, pa-si-VIA. "Soldier on" ni ya anayeendelea huku ameshachoka au anaumwa. Ya kuchunga zaidi ni "stick it out", yaani kuvumilia jambo mpaka liishe, tuseme mkataba wa mwaka mmoja kwa bosi mkorofi. Hiyo "it" hukaa katikati. Ukiitoa, "stick out" ni kuchomoza, kama msumari kwenye benchi, na msomaji atabaki anajiuliza umechomoza wapi. "Carry on" ni kuendelea tu, hata pasipo shida yoyote.