Nishani za Afisa wa Kiingereza: Zisome Kabla Hujazisugua

Mimi ni sonara, riziki yangu inatoka kwenye kung'arisha fedha, lakini ukiniletea nishani za zamani za jeshi nitakurudisha nazo nyumbani zikiwa nyeusi vilevile. Huku Amu, yaani Lamu, na zaidi Malindi walikostaafia wazungu wengi, huibuka ndani ya mikebe ya biskuti: mzee kafariki, vyombo vimegawanywa, aliyerithi hajui ameshika nini. Jambo la kwanza analofanya ni kuchukua ndimu na majivu. Basi ziache hizo ndimu jikoni.

Tandika kitambaa cheupe karibu na dirisha. Kama nishani zimeshonwa safu moja kwenye kibao chake, usizitenganishe. Zipige picha mbele na nyuma, kisha zishike kwa ukingo tu, maana jasho la vidole lina chumvi, na chumvi hapa tunayo ya kutosha hewani.

Sasa soma safu, ukianzia kushoto kwako. Mpango wake una sheria: kwanza tuzo za ushujaa na heshima, kisha nishani za vita kwa kufuata miaka, kisha za kutawazwa wafalme, na utumishi wa muda mrefu karibu na mwisho. Tuseme unaanza na msalaba wa fedha wenye utepe mweupe na mstari wa zambarau katikati. Huo ni Military Cross, ulioanzishwa Desemba 1914. Ukiwa wa zama za George VI, tazama mkono wake wa chini kwa nyuma; mara nyingi mwaka umechongwa hapo. Zikifuata nyota za pembe sita, ni Vita Vikuu vya Pili: Africa Star kwa waliopigana Afrika Kaskazini au Uhabeshi, Burma Star kwa waliokwenda huko pamoja na askari wetu wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki). Nyota hizi Waingereza walizitoa bila jina. Usimkubali mtu anayekwambia kwamba nyota tupu ni bandia, halafu akuombe akuondolee mzigo.

Penye jina, jina liko ukingoni, na hapo ndipo utamu ulipo. Chukua kioo cha kukuzia, izungushe nishani polepole. Ya askari wa kawaida huanza na namba. Ya afisa huanza na cheo, LIEUT., CAPT. au MAJOR. Cheo hicho ni alichokuwa nacho wakati ule, si alichostaafu nacho. Kwa hiyo ukikuta luteni kwenye moja na meja kwenye nyingine, jina lilelile, usidhani ni baba na mtoto. Ni mtu mmoja aliyekuwa akipanda.

Watu wengi huuliza: kama alitumika miaka thelathini, iko wapi nishani ya utumishi mrefu? Pengine haipo, wala haijaibiwa. Ile ya jeshi la kudumu, ya utumishi mrefu na mwenendo mwema, kwa zaidi ya karne ilikuwa ya sajini na askari. Maafisa wamefunguliwa mlango katika miaka ya 2010 tu. Keya nao walikuwa na yao, kwa askari Waafrika.

Tahadhari na tepe za njano na nyeusi. Nishani ya Africa General Service, ya mwaka 1902, ina mistari miwili myembamba ya kijani, na ikiwa na kijibao cha chuma juu ya utepe kilichoandikwa KENYA ni ya vita vya Mau Mau, 1952 hadi 1956. Iliyotangulia, East and West Africa, haina kijani hata kidogo. Hiyo ikiwa na kijibao cha WITU 1890, kaa chini kwanza. Ni Witu yetu hii ya ng'ambo, aliyoishambulia Admirali Fremantle Oktoba ile, wakati wa sultani wake Fumo Bakari, mji ukachomwa moto. Mimi huishika kwa moyo mzito, lakini siwezi kukwambia uitupe.

Ukishapata jina na cheo, tafuta kwenye London Gazette, gazeti la serikali yao, ambalo matoleo ya zamani yamo kwenye intaneti. Maafisa hutangazwa humo wanapopandishwa vyeo na wanapotunukiwa.

Kusafisha: kitambaa laini kikavu, basi. Dawa ya meno, magadi na ukwaju vinakula maandishi ya ukingoni, na nishani ya fedha iliyofutika jina imepoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Usiuze moja moja pia. Seti iliyokatwa haiunganiki tena. Zihifadhi kwenye karatasi isiyo na tindikali, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, mbali na jua, kwani utepe wa hariri hupauka upesi. Mfuko wa plastiki laini usiutumie.

Mtoto wa afisa akitaka kuzivaa Novemba, Waingereza wanapowakumbuka waliokufa vitani, desturi yao ni kifua cha kulia. Kushoto ni kwa mwenyewe aliyezipata. Na pini ya nyuma ikivunjika, usiichomelee kwa fundi wa pikipiki. Hiyo niletee.