Ukidhani umepata mchwa mpya nyikani, anza na penseli

Kabla hujashika sururu, kanunue penseli. Nasema kwa uchungu: safari yangu ya kwanza Longido nilirudi Arusha na chupa kumi na mbili za mchwa, lebo zote nimeandika kwa kalamu ya wino. Usiku, mezani kwangu Sakina, kila chupa ilikuwa na maji ya bluu na kikaratasi cheupe. Spiriti imelamba wino wote. Mchwa wasio na mahali wala tarehe hawafai kutangazwa spishi mpya, hata wawe wa ajabu namna gani.

Vibali: COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori) wako hapa hapa Njiro. Kijijini, mwenyekiti kwanza.

Nchi kame usihangaike na vichuguu tu; wengi wanaishi chini. Fika alfajiri, ardhi haijapata moto, ugeuze mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Ukiona udongo umepakwa kwa chini kama plasta, ubandue taratibu. Weka kibano mbali, kinapasua matumbo yao. Lowesha brashi ya kuchorea, msogezee askari: atauma nywele za brashi wala hataachia mpaka umtumbukize kwenye spiriti. Askari, vibarua, na kumbikumbi kama wapo, wa koloni moja, chupa moja. Spiriti ya asilimia 80 inatosha kwa kuchunguza umbo. Wachache watie kwenye 95 au zaidi kwa ajili ya DNA.

Ukikuta weusi wanakata nyasi juani mchana, tulia. Yaelekea ni Hodotermes mossambicus, ana jina tangu 1853.

Kazi yenyewe iko kwenye darubini. Pima upana na urefu wa kichwa cha askari, hesabu pingili za vipapasio, chora meno ya taya zote mbili. Pima askari wa makoloni kadhaa, maana hata ndugu hawalingani. Kisha linganisha na waliokwisha kuelezwa. Mswidi Yngve Sjöstedt alikusanya wadudu Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906, akawapeleka makumbusho ya Stockholm. Waandikie uombe picha kabla hujatangaza lolote.

Ukijiridhisha, teua mmoja awe holotaipu, yaani kielelezo kinachobeba jina la spishi, taja makumbusho yatakayomtunza, eleza anaachana na jamaa zake kwa lipi. Jarida likiwa la mtandaoni tu, lazima andiko lisajiliwe kwanza ZooBank, daftari la mtandaoni la majina ya wanyama, la sivyo jina halihesabiki.

Askari wangu watatu wa Longido, wenye lebo za penseli, wako kabatini wanasubiri picha hizo.