Namna ya Kulitumia Neno "Hariri" Mahali Pake

Mtu akikuletea makala na kukuomba umharirie, huku anachokitaka ni kuondolewa makosa ya tahajia tu, ujue ameliomba neno kubwa kwa kazi ndogo. Ili usiingie katika kosa hilo, anza na asili yake.

Hariri ni kitenzi kilichotoka katika Kiarabu, kwenye mzizi uleule uliotupatia maneno huru na uhuru. Katika lugha hiyo, neno tahrir hubeba hadi leo maana mbili, ukombozi na uhariri, na ndiyo sababu uwanja mashuhuri wa jijini Cairo huitwa Tahrir, na mhariri mkuu wa gazeti la Kiarabu naye cheo chake hutajwa kwa neno hilohilo. Kwangu mimi, asili hii ndiyo kipimo bora cha matumizi: anayehariri huikomboa hoja iliyofungwa na maneno ya ziada, na sentensi zilizojipinda, na aya zilizokaa pasipo pake.

Basi, kabla ya kusema umehariri mswada, jiulize kama kazi yako imegusa mpangilio na maana. Ikiwa umeondoa makosa tu, umesahihisha, kama mwalimu anavyosahihisha mitihani bila kuihariri hata kidogo. Ikiwa umepitia kurasa zilizokwisha kupangwa kiwandani kabla ya kuchapwa, umesoma prufu. Mwanafunzi anayerudia masomo yake anadurusu. Usemi wa kupiga msasa, uliotoka kwa maseremala, unafaa pale maandishi yalipokwisha kunyooka na yanahitaji kulainishwa tu.

Katika sarufi, kumbuka kwamba irabu ya mwisho haibadiliki kama inavyobadilika katika vitenzi vya Kibantu. Husemwa "sihariri" na "tuhariri", ingawa ni "sisomi" na "tusome". Kauli ya kutendwa ni haririwa, na ya kutendea ni hariria, ambayo ndiyo huzaa ombi la "niharirie".

Nomino zake ni mhariri, uhariri na tahariri, na hii ya mwisho ndiyo inayochanganywa zaidi. Tahariri ni makala inayotoa msimamo wa gazeti lenyewe, kwa hiyo usiandike "tahariri ya kitabu" ukikusudia kazi ya kukihariri. Andika "uhariri wa kitabu".

Lipo pia jina hariri, kitambaa laini kinachotokana na nyuzi za viwavi wa nondo, ambalo nalo ni la Kiarabu. Muktadha huyatenganisha bila shida, kwani "shela ya hariri" haiwezi kudhaniwa kuwa amri, na kitufe cha "Hariri" kilicho juu ya kurasa za Wikipedia ya Kiswahili hakimfikirishi mtu habari za nguo.