Kabla ya kuomba kozi ya afya ya umma, zunguka mtaa wa Nyalenda, Kisumu, kwanza

Vijana wakiniuliza kama wasomee afya ya umma, huwa nawauliza wanavutwa na nini. Wengi hutaja ajira, nami siwadanganyi: kaunti huajiri kwa mwendo wa kinyonga. Wengine husema wanapenda kusaidia watu. Basi mbona usiwe muuguzi? Wagonjwa wake angalau humshukuru. Sisi wa afya ya umma hatushukuriwi na mtu, maana nani atakushukuru kwa kipindupindu ambacho hakikumpata?

Kwa hivyo jipime kwanza. Mtafute mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu, hawa wanaopangiwa takriban nyumba 100 kila mmoja. Mwombe kwa adabu umsindikize. Simu iache mfukoni. Choo cha mtu si cha kupiga picha. Ukifika kwenye mtungi wa kunawia mikono, usiulize kama hutumiwa. Tazama chini: udongo umelowa? Sabuni ina majimaji au imepasuka kwa ukavu?

Kisha mwombe afisa wa afya akuonyeshe kupima klorini, ile dawa ya kuua vijidudu kwenye maji. Unajaza maji kwenye kichupa, unatia kidonge cha kupimia kiitwacho DPD, unatikisa. Yakigeuka waridi, klorini ipo. Pima maji ya kioski yanakouzwa, halafu ya mtungi ulio ndani ya nyumba. Tuseme ya kioski yamekolea waridi na ya ndani ni meupe pe. Kumetokea nini njiani? Mtungi mchafu? Maji yamelala? Au yamechanganywa na ya kisima kilicho hatua chache kutoka chooni? Swali hilo likikuandama hadi usiku, kazi hii ni yako. Ndilo lililomtembeza daktari John Snow mwaka 1854, akifuatilia vifo vya kipindupindu nyumba kwa nyumba hadi pampu ya maji ya Broad Street, London.

Usikose pia siku ya kumpelekea mwenye ploti notisi ya choo kilichofurika. Chai hutapewa.

Bado una hamu? Chuo Kikuu cha Maseno kina kitivo cha afya ya umma. Maombi ya KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba, siku hizi hupitia KUCCPS, taasisi ya serikali inayowapangia wanafunzi vyuo. Ukimaliza utahitaji usajili wa baraza la maafisa wa afya ya umma, lililoundwa kwa sheria ya 2013, kwa hiyo hakikisha mapema kwamba kozi yako inatambuliwa. Na ukitakiwa kueleza sababu zako kwa barua, usiandike kuhusu kupenda watu. Andika ulichokikuta kwenye ule mtungi, bila kumtaja mwenyewe.